Depo ya Waliopona

Sikumpenda, na heri niseme mapema ili mtu asije akanidai haki ambayo sina nia ya kuitoa. Nilifanya kazi chini yake karibu miaka yote ya vita ya pili, ile ya waasi, katika hospitali ya kanisa letu pale Butembo, mlimani, juu ya mikaratusi. Mimi nilikuwa muuguzi. Yeye alikuwa gestionnaire, yaani mtu wa kusimamia dawa, wafanyakazi, petroli, funguo na kila kitu ambacho si kisu cha daktari. Jina lake tulilijua sote lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, mbele ya wageni, alisema: "Gestionnaire amekwenda shamba."

Watu wa Butembo wakimkumbuka hugawanyika. Nusu watakuambia kwamba bila yeye hospitali ingekuwa zizi la mbuzi. Nusu nyingine watatema mate kwanza, halafu watakuambia hayo hayo. Mimi ni wa hao wanaotema mate. Kitu kimoja tu nilikitaka kutoka kwake, na nilikitaka kwa miaka: aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea juu ya mtoto wa dada yangu. Mengine yote ninayoandika ni njia ya kufika hapo.

Alivaa koti la mmisionari. Wazungu walipopanda ndege katika vita ya kwanza, koti hilo lilibaki limetundikwa msumarini ofisini, zito, la rangi ya majivu, limeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mapana kumpita yeye mara mbili. Aliikunja mikono ya koti mara tatu akalivaa kila siku ya Mungu, kwa sababu Butembo ni baridi na kwa sababu lilikuwepo. Kitu kikiwepo, kwake, kilikuwa lazima kifanye kazi. Miguuni alikuwa na mabuti ya mpira. Funguo zote za hospitali alizining'iniza shingoni kwa kamba ya katani, na ukimsikia anakuja ungedhani ni mbuzi mwenye kengele. Tulimcheka kwa hilo. Tulimcheka akiwa mbali.

Hakuwahi kuketi wodini. Alikula kiazi kitamu kilichopoa akiwa wima, akiangalia paa linavuja wapi. Aliandika kwa penseli fupi kuliko kidole gumba, akafuta, akaandika tena juu yake. Wagonjwa aliwaita kwa namba za vitanda. Lakini ukimwuliza kitanda cha kumi na nne ni nani, angekuambia watoto wake ni wangapi, shamba lake liko upande gani wa mto, na nani katika ukoo wao ana ng'ombe. Ile ya ng'ombe ndiyo iliyotuudhi.

Alipoletwa, hospitali ilikuwa imekwisha kufa, bado kuzikwa tu. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imeacha kutulipa zamani, na serikali ya waasi iliyokuja baadaye ilijua kutoza kodi tu. Jenereta ilikuwa imenyamaza. Daktari alipasua watu kwa taa ya petroli iliyoshikwa na mlinzi, na mlinzi akisikia kizunguzungu, taa nayo iliyumba. Wagonjwa waliopona walitoroka kwa nyuma, penye tundu katika ua wa michongoma, na hatukuwalaumu, maana sisi wenyewe tulipitishia vitu hapo hapo. Tulikuwa tunaiba. Mwenzangu wa wodi ya wazazi alichukua mashuka akashona gauni za watoto. Mimi nilichukua penisilini. Tulijiambia kwamba ni mshahara wetu, tunajilipa tu.

Kanisa lilimtoa sokoni. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha hesabu, kisha akauza chumvi na samaki wa Kyavinyonge, na sifa yake moja ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumlilia akasamehewa deni. Wiki ya kwanza hakuita mkutano. Alikaa getini juu ya kigoda, koti limemmeza, akawasalimu waingiao na watokao. Wiki ya pili akaliziba tundu la michongoma kwa matofali. Jumatatu ya tatu, wakati wa sala ya asubuhi, aliingia kanisani na katoni ndogo akaiweka juu ya meza ya pasta. Ilikuwa penisilini.

"Hizi dawa nimezinunua ku soko," alisema, "kwa mama mumoja wa kule chini. Nimelipa na franga yangu. Ziko na alama ya hospitali. Mama hana makosa, njo nimemwambia asiogope. Basi, tuombe."

Akafumba macho akaomba. Hakumtaja mtu, hakuuliza, na baadaye hakulirudia jambo hilo hata siku moja. Nilikaa benchi la tatu nikiyatazama maandishi yangu mwenyewe kwenye ubavu wa katoni. Tangu siku hiyo sikuiba tena, na tangu siku hiyo nilimchukia, kwa sababu kuna watu ambao huwezi kuwasamehe kwa kutokukufukuza.

Ili kuelewa ubishi wake lazima mtu ajue jinsi wafanyabiashara wa mji wetu wanavyofanya kazi. Hawaandikiani. Mtu atapewa mzigo wa lori zima kwa kinywa chake tu, aondoke nao, auze, arudi kulipa. Lakini akivunja neno mara moja, habari inatangulia mbele yake mpaka Kasindi, mpakani, na kuanzia hapo hata jiwe la chumvi hatakopeshwa, wala wanawe. Gestionnaire alikwenda kwa mmoja wa hao wakubwa akamwomba dawa, seramu na glavu kutoka Kampala, bila fedha mkononi. Nilikuwepo, nilimsindikiza kubeba orodha. Tajiri alimsikiliza huku akimenya ndizi.

"Nitakuletea," alisema mwishowe. "Karatasi hapana. Mais nikisikia mutu mumoja ametoka kule bure, ata akuwe pasta, ata akuwe mutoto yako ya kuzala, kinywa yako imekufa. Unasikia?"

"Nimesikia."

"Ata mumoja."

"Ata mumoja," alijibu Gestionnaire, na wakashikana mikono.

Mtu mwingine angebembeleza kidogo. Angesema: isipokuwa mayatima, isipokuwa wazee, isipokuwa waliokimbia vita. Tajiri angekubali, nina hakika. Lakini Gestionnaire alikuwa na kosa la watu wetu, la kuona kwamba neno likishatoka haliguswi tena, kama mbegu iliyokwisha kufukiwa. Akatoa kinywa chake kizima, na baada ya hapo tuliishi sote ndani ya kinywa hicho.

Hivyo ndivyo depo ilivyozaliwa. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya wodi ya wanaume, sakafu ya saruji, kimegawanywa kwa ukuta mmoja wa matofali. Upande mmoja aliweka gage, yaani rehani za watu: majembe, vikwembe, baiskeli, redio zisizo na betri, mashine mbili za cherehani. Mbuzi na kuku walikaa nje, chini ya upenu. Upande wa pili walikaa watu waliopona, wasio na fedha wala kitu cha kuacha. Yeye alipaita "salle ya kungojea". Watu wote wengine walipaita depo, pande zote mbili. Ukimwuliza mwanamke shemeji yake yuko wapi, alikujibu: "Ameshapona, iko ku depo."

Waliokaa depo walilima. Nyuma ya hospitali kulikuwa na mteremko wa wamisionari uliojaa magugu, akaugeuza maharagwe, viazi na vitunguu. Kila siku ya kulimwa ilipunguza deni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, na alilisema bila kucheka, kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji. Misemo yake mingine ilikuwa ya kwake mwenyewe. "Mungu anaponya, mais lampe inaomba petroli." "Mutu akipona anasahau mulango aliingilia." Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kumlilia kwamba watoto wake wako peke yao nyumbani. Akamjibu kwamba hospitali ikifungwa, watoto wake watabaki peke yao kwa siku nyingi zaidi. Kisha, nikiwa natazama, akachukua gunia la viazi kutoka ghalani akampa mlinzi apeleke kwa watoto hao, na akaandika viazi vile kwenye hesabu yake mwenyewe. Mama alibaki depo.

Hakuonea mtu mdogo peke yake, hilo nimpe. Pasta wetu alipopasuliwa ngiri alidhani atatoka kwa maombi. Aliacha viatu vyake vya Jumapili. Alihubiri wiki tatu na kandambili, na tulipokuwa tunamtazama miguu pale madhabahuni, sadaka ikaongezeka.

Wala hakuwaogopa wenye bunduki. Siku moja kamanda mmoja wa waasi, mtu wa mbali anayesema Lingala, alileta askari wake aliyepigwa risasi ya paja. Tulimtibu, akapona, wakaja na pickup kumchukua. Gestionnaire akasimama mbele ya gari akaomba gage. "Papa, longwa na nzela," walimwambia, ondoka njiani. Hakuondoka. Akaketi chini, katikati ya njia, na koti lake. Walimpiga kwa kitako cha bunduki akapoteza meno mawili ya mbele, na bado alikuwa ameketi. Sijui kamanda alifikiri nini, labda alichekeshwa. Kesho yake alileta ng'ombe.

Sote tulijua ng'ombe haoti ndani ya kambi. Gestionnaire naye alijua. Siku hiyo hiyo ng'ombe aliuzwa, na zikanunuliwa seramu. Baada ya siku nne akaja bibi mmoja kwa miguu kutoka upande wa Lubero, amefuata kwato za ng'ombe wake kijiji kwa kijiji, akauliza kwa adabu kama hatujamwona. Gestionnaire alimweleza kila kitu, hakumdanganya. Akaandika karatasi yenye muhuri: mwenye karatasi hii atatibiwa bure hapa mpaka kufa. Ilikuwa karatasi ya pekee ya namna hiyo aliyowahi kuiandika, na gharama yake angeilipa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, ili neno lake kwa tajiri lisivunjike. Bibi akaipokea, akaigeuza huku na huku.

"Mais mimi hapana mugonjwa," alisema.

Akaiweka chini, akaiwekea kijiwe juu isipeperuke, akarudi kwao.

Na hospitali ikapona. Sina budi kusema hivyo. Jenereta ikanguruma tena. Tulilipwa kwanza maharagwe, halafu maharagwe na sabuni, halafu franga za kweli, na mwezi wa kwanza wa franga daktari mwenyewe alitoka nje akasimama uani akizihesabu. Watu walikuja kutoka Beni, wakipita hospitali nyingine njiani, kwa sababu kwetu kulikuwa na dawa. Nyumba zingine za dawa ziliporwa. Yetu haikuporwa, labda kwa sababu ya yale meno mawili. Nilimwona akilia mara moja tu, na ilikuwa siku ile chungu kikubwa cha kuchemshia vyombo vya upasuaji kilipopasuka. Aliupapasa ule ufa kwa kidole, machozi yakimtiririka kwenye mapengo. Kwa watu alikuwa mkavu. Tena mtu akitufia hakudai tena: maiti hazikukaa kwetu zikingoja malipo kama zilivyokaa kwingine, na fundi wa hospitali alitoa mbao za sanduku bure. "Mufu hana deni," alisema.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi namwita Yaya, aliolewa Kasugho, kule msituni. Mapigano yalipofika kwao mumewe alikimbia upande mmoja na mbuzi, yeye upande mwingine na mimba. Uchungu ukamshika njiani. Vijana wa kanisa walimbeba kwa kitanda cha miti siku mbili mpaka kwetu, na alipofika hakuwa na sauti tena. Alipasuliwa saa hiyo hiyo. Taa iliwaka, seramu ilikuwepo, glavu zilikuwepo, uzi ulikuwepo. Miaka mitatu kabla ya hapo angekufa juu ya meza, yeye na mtoto, nami ningekuwa nimeshika taa. Mtoto alikuwa mvulana, mzito, mwenye nywele nyingi. Hayo yote ni kazi ya Gestionnaire, na yananiuma kuliko mengine.

Kidonda kilipofunga, Yaya alipelekwa depo. Hakuwa na kitu. Mumewe hatukujua yuko wapi. Mimi nilikuwa mkubwa wa wodi wakati huo, na kila Jumatatu baada ya sala ndimi niliyesimama kusoma majina ya watu wa depo, ili wafanyakazi wajue nani bado yuko. Nilisoma jina la dada yangu katikati ya majina mengine, kwa sauti ile ile. Watu waliniangalia. Gestionnaire aliniangalia pia, amekunja mikono ndani ya koti. Kila Jumatatu nilingoja anyanyue mkono aseme, huyu ni wa nyumbani, aende. Hakunyanyua. Saa ya mapumziko nilimpelekea Yaya uji, nikamkuta mteremkoni na jembe, mtoto mgongoni, ukungu umefunika mikaratusi yote.

"Unachoka?" nilimwuliza.

"Kulima nimezoea," alijibu. "Mais ile chini ya saruji iko na baridi. Mutoto anakohoa asubui."

Nilimletea blanketi langu. Ilikuwa wiki ya tano. Wiki ya sita kikohozi kilikuwa kichomi, nikamhamishia wodini, nikamchoma sindano mimi mwenyewe, penisilini ile ile. Wiki ya saba, Alhamisi asubuhi, mtoto akafa mikononi mwangu wakati Yaya amekwenda kuchota maji.

Gestionnaire alikuja akasimama mlangoni. Fundi alikuwa amekwisha kuanza sanduku, tulisikia randa. "Deni imefutika," alisema. "Mama aende kwao." Akasimama kidogo tena, akaondoka na kengele zake.

Nilimpelekea Yaya habari hiyo nikidhani itampunguzia kitu. Alikuwa anafunga kikwembe kiunoni.

"Ilikuwa imebakia siku ngapi ya kulima?" aliuliza.

"Tisa. Mais imefutika, Yaya. Hapana deni tena."

"Mutoto yangu hatalipa deni ya mutu," alisema. "Alikuwa mutoto, hakuwa gage."

Akamzika mtoto Ijumaa, na Jumamosi akarudi mteremkoni. Alilima siku tisa. Hakuna aliyethubutu kumzuia, wala Gestionnaire. Siku ya kumi alilirudisha jembe kwa mlinzi, akaja nyumbani kwangu, na mpaka leo anaishi kwangu, kwa sababu mumewe hakuonekana tena.

Tangu hapo niliisimulia habari hii kila mahali: msibani, harusini, ndani ya lori. Niliisimulia hivi: nilikuwa na dada, na yule mtu alikataa kumtoa. Watu walisikitika sana, wakanipa pole.

Vita ilipopoa kidogo, ulikuja mradi na magari meupe. Wageni wake wakatangaza matibabu ya bure. Walipoiona depo waliipiga picha pande zote mbili, majembe na watu, na baraza la kanisa likaona aibu ambayo halikuwa nayo miaka yote liliyokula maharagwe yake. Wakamfanyia sherehe ya soda, wakampa saa ya ukutani, akavua kamba ya funguo akaiweka mezani. Akahamia Beni. Mradi ulikaa muda wake ukaisha, magari meupe yakaondoka, na kufikia mvua za pili jenereta ilikuwa imenyamaza na matofali ya ua yalikuwa yameanza kung'olewa. Ndipo baraza liliponiita, likanipa barua nimpelekee, ya kumwomba arudi. Nilikubali upesi. Nilikuwa na langu la kumwuliza.

Beni kuna joto. Pikipiki ilinipitisha penye kambi ya askari, halafu penye maturubai ya kakao iliyoanikwa kando ya barabara, na harufu yake kali kama ya pombe. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, mbele ya turubai moja, anageuza kakao kwa mguu. Alikuwa na singlendi tu. Bila koti alikuwa mtu mdogo sana, mabega kama ya mwanafunzi. Nilikuwa nimejiandaa kumkabili mtu mkubwa, ikabidi nijikaze upya.

"Jambo, muzee."

"Jambo, infirmier. Karibu. Kamata kiti, mimi nitasimama."

Alisoma barua mara moja, akaikunja, akaitia mfukoni. Mkewe alileta maji. Nikamwambia kwamba nina jambo langu pia.

"Sema."

"Mutoto ya yaya yangu. Unamukumbuka?"

"Wa Kasugho," alisema, mguu wake haukusimama. "Kijana. Alizaliwa na operation, siku ya soko. Nywele mingi. Alikohoa wiki mbili."

Nilikuwa nimetarajia asikumbuke. Hasira yangu yote ilikuwa imesimama juu ya hilo.

"Ulimuacha pale wiki saba," nikasema. "Funguo ilikuwa ku shingo yako."

"Iko vile."

"Na haukumutoa."

"Sikumutoa." Akaacha kugeuza kakao. "Na weye, haukuniomba. Kila Lundi ulisoma jina yake, mi nakuangalia, nasema leo ataniomba. Wiki saba."

"Ungekatala. Ulitoa kinywa kwa ule tajiri."

"Kumutoa bure ningekatala. Ningekuambia, lete gage."

"Sikukuwa na gage, muzee."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hakukuwa na ukali machoni mwake, na ningependa ungekuwepo.

"Ulikuwa na mabati kumi na mbili," alisema. "Ilikuya na camion ya dawa toka Kasindi. Mi njo nilikupa nafasi ku camion. Uliiweka ku depo, upande ya gage, sababu haukukuwa na fasi ingine. Kati yake na kitanda ya dada yako ilikuwa ukuta mumoja tu. Nilikuwa nangoja useme, kamata ile."

"Nilikuwa najenga. Nilikuwa nataka kuoa."

"Najua."

Mabati sikuyasahau hata siku moja. Nilikuwa nayaruka tu kila niliposimulia, kama nilivyoyaruka hapa juu. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikiyatafuta. Mkubwa wa wodi hawezi kumpeleka mke chini ya paa la nyasi, ndivyo nilivyofikiri. Na nilifikiri pia kwamba yeye ndiye mwenye funguo, basi huruma ni kazi yake. Nilipofika pale mteremkoni na uji wangu nilikuwa nimepita mbele ya mabati yale, kila mara. Nilioa mwezi wa tatu baada ya maziko.

Nilimwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto: "Donc weye haukukosa kitu?"

"Nilikosa," alisema. "Nilikosa sana. Mais ile si ya kukupa weye, ju si weye nilikosea. Mulete yaya yako hapa. Nitamuambia yeye, mbele yako, mambo yote."

Mambo yote. Nililisikia neno hilo vizuri, na mabati yalikuwa ndani yake.

Akaitoa ile barua ya baraza, akaomba kalamu yangu, akaandika nyuma yake mistari miwili akiwa wima. Akanipa bila kuikunja, kwa hiyo niliisoma. Alisema amezeeka, na kwamba wasitafute mbali, waniweke mimi katika kiti chake. Nilimwuliza kwa nini.

"Ju unaweza," alisema. Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anatafuta mtu wa kazi tu. "Uliweza ata na dada yako."

Nikasema wasingya, asante, kwa Kinande, kama mtu alivyofundishwa kumuaga mzee. Barua niliichana njiani, nikawaambia baraza kwamba alikataa.

Yaya alikuwa mlangoni kwangu anachambua maharagwe, ungo juu ya magoti. Alijua nilikokwenda, ingawa sikumwambia. Aliniachia nikae kwanza, ninywe maji.

"Alisema nini?"

"Amesema pole," nikajibu. "Amesema alikosa."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Alisema yeye mwenyewe, ao ulimuomba aseme?"

"Yeye mwenyewe."

Sijawahi kuuona uso wake ukilegea namna ile, tangu utoto wetu.

"Basi naye ni mutu," alisema. "Nitaenda kumusalimia. Nitamupelekea hii maharagi."

"Barabara hapana muzuri, Yaya," nikamwambia. "Ngoja kwanza, nitakuambia siku ya kwenda."

Akaitika, akaendelea kuchambua. Gestionnaire alikufa kabla ya mwaka kuisha, na mpaka habari ilipotufikia, dada yangu alikuwa bado anangoja nimwambie. Kuningoja mimi alikuwa amezoea.